Majani Yanapogeuka Rangi Uasin Gishu

 

Ukitoka Eldoret mjini kwa barabara ya Ziwa mwezi huu wa Novemba, ukishapita Chuo Kikuu cha Eldoret pale Chepkoilel, utaona ulimwengu umebadilika. Mwezi wa Julai barabara hiyo hiyo ilikuwa imebanwa na mahindi pande zote mbili, kijani kimekoza karibu kuwa cheusi, na ukipita kwa miguu hukuona ng'ambo ya pili. Sasa majani yamekauka. Mengine ni manjano, mengine hudhurungi, mengine yamepauka hadi yakawa meupe, na upepo wa alasiri ukivuma shamba zima linachakarika. Mbele kidogo kuna ngano, na ngano ya Novemba hapa kwetu ina rangi mbili kwa siku: asubuhi ni dhahabu, na jua likielekea magharibi inaingia wekundu wa shaba. Watu hupita hapo kila siku wakiwaza bei ya gunia, na sina lawama, kwa kuwa bei ya gunia ndiyo karo ya Januari. Lakini leo naomba tusimame kando ya barabara kidogo tutazame, kisha tuingie jikoni, kwa sababu rangi hizi mwisho wake ni jikoni.

Tumezoea kuamini kwamba majira ya majani kugeuka rangi ni ya Ulaya na Marekani. Tumeyaona kwenye kalenda za ukutani na kwenye filamu. Na sisi wa Eldoret tumeyaona zaidi ya Wakenya wengine, maana watoto wetu huyakimbilia. Mbio kubwa za marathoni za Berlin huwa Septemba, za Chicago Oktoba, za New York mwanzoni mwa Novemba. Ibrahim Hussein kutoka Nandi aliposhinda New York mwaka 1987, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na Tegla Loroupe alipofuata mwaka 1994, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuzishinda mbio hizo, walimalizia ndani ya Central Park, wakati miti ya bustani ile inapovua majani yake. Marehemu Kelvin Kiptum aliweka rekodi yake ya dunia ya saa 2, sekunde 35, katika Oktoba ya Chicago, tarehe 8, mwaka 2023.

Halafu kuna ile Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2019. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi kwa saa zetu Eliud Kipchoge alipoanza kukimbia marathoni katika bustani ya Prater mjini Vienna, kwenye njia ndefu iliyonyooka, miti mikubwa imepangwa kulia na kushoto. Hapa Eldoret watu walijaa barabarani kutazama skrini kubwa. Kila mtu alikuwa anahesabu sekunde, na sekunde zilikuja: saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Lakini ukiitazama tena picha ile leo, ukijua tayari jinsi itakavyokwisha, jicho linapata nafasi ya kuiona miti yenyewe, Oktoba imeshaipitia, na njia aliyopita bingwa wetu kati ya vigogo vyake. Nadhani siku ile mji wetu ulitazama majira ya majani kupukutika kwa muda mrefu kuliko siku nyingine yoyote, ingawa hakuna aliyekuwa amekuja kuangalia majani.

Je, nini hutokea kule? Jani ni kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo hunasa mwanga wa jua na kuusaidia mmea kutengeneza chakula chake. Siku zinapofupika na baridi ikaanza kuuma, mti huanza kufunga kazi. Huivunja klorofili, hurudisha kwenye matawi na shina virutubisho vilivyokuwa ndani ya jani, hasa naitrojeni, na hapo rangi za manjano na za chungwa zilizokuwa zimefunikwa na kijani mwaka mzima hupata kuonekana. Nyekundu haikuwepo tangu mwanzo. Mti huitengeneza mwishoni kabisa, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, na ndiyo maana mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi huleta wekundu mkali zaidi.

Sisi tuko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Mchana wa Juni na mchana wa Desemba hapa Eldoret hutofautiana kwa dakika chache mno, hivyo mti hauwezi kujua mwezi kwa kupima mchana. Miti yetu hufuata maji. Mjakaranda huvua majani yake wakati wa ukavu, kisha hujaa maua ya zambarau kabla majani mapya hayajafunga, na mwezi wa Oktoba baadhi ya mitaa ya mji wetu huwa imetandikwa maua chini. Musine, ule mti mrefu wa ua tunaouacha uwapatie ng'ombe kivuli, una jani ambalo upande wa chini ni wa fedha, na jani hilo huwa rangi ya chungwa kabla ya kudondoka. Tendwet, ambao wengi wanaujua kwa gome lake la dawa, huzeesha majani yake moja moja, na kila jani linalozeeka huwa jekundu kabisa huku mwenzake aliye kando bado ni kijani. Ukisimama chini ya tendwet ukaokota majani kumi, utapata rangi ambazo Mmarekani angezisafiria. Na ukifika Iten, ukasimama ukingoni ambapo ardhi inakatika ghafla na kuteremka hadi Bonde la Kerio, mwezi wa Januari au Februari, utaona chini huko migunga imebaki matawi matupu, bonde zima limekuwa rangi ya kijivu na kahawia, wakati juu ulikosimama bado kuna ukungu na nyasi mbichi.

Lakini hiyo ni miti. Rangi kubwa ya Uasin Gishu haitoki kwenye miti. Inatoka kwenye mahindi na ngano, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Mahindi yanapogeuka manjano, kinachofanyika ndani ya jani ni kile kile kinachofanyika kwenye miti ya Vienna na ya New York. Klorofili inavunjwa, na mali iliyokuwa ndani ya jani inahamishwa. Tofauti ni mahali inapokwenda. Mti wa kule unairudisha mali kwenye shina lake, ili uitumie mwenyewe majira ya joto yakirudi. Mmea wa mahindi hauna mwaka kesho. Unapeleka kila kitu kwenye punje. Ngano vile vile: sehemu kubwa ya naitrojeni inayokuja kuwa protini ya punje hutoka kwenye majani na bua linalokauka, na protini hiyo ndiyo inayoufanya unga uvutike ukikandwa na kushika hewa ukiumuka. Kwa hiyo jani la ngano linapopoteza kijani chake mbele ya macho yako, ni mkate unajazwa.

Wazee wetu walisoma rangi hizi bila maabara. Mahindi ya mwinuko wetu, hasa mbegu ya H614 ya kampuni ya Kenya Seed iliyotawala mashamba haya kwa miaka mingi, hukaa shambani miezi sita hadi minane. Yakipandwa mwisho wa Machi au Aprili mvua ikishika, ni Oktoba hadi Desemba ndipo yanapokuwa tayari. Kwanza hukauka majani ya chini, kisha ya juu. Ganda la gunzi huwa jeupe, halafu gunzi lenyewe huinama, na kuinama huko ni heri, maana mvua ya kuchelewa huteleza juu ya ganda badala ya kuingia ndani. Pukuchua punje moja uitazame pale ilipokuwa imeshikana na gunzi: ukiona alama nyeusi, imekomaa. Baada ya hapo mabua hukatwa na kusimamishwa pamoja shambani, vilele vimekutana, yakauke zaidi, na jioni mashamba ya hapa huonekana yamejaa vibanda vidogo vya manjano hadi mwisho wa upeo.

Na mahindi yakikatwa, malenge yanaonekana. Hii ni furaha ambayo mtoto aliyelelewa shambani haisahau. Mwezi wa Mei mama alitupia mbegu za malenge katikati ya mistari, tukala majani yake machanga na ugali mwezi wa Juni, wengine wakiyaita seveve, kisha mahindi yakafunika kila kitu na hakuna aliyekumbuka. Mahindi yakianguka, yale pale, yametapakaa juu ya udongo, ya chungwa, ya kijivu, mengine na mistari ya kijani, mengine makubwa hata mtoto hawezi kuyainua. Wenzetu wa Marekani huwa na sherehe kubwa mwezi huu wa Novemba, na malenge huyaoka ndani ya ganda la unga. Sisi tunayo bure shambani, na mara nyingi tunayachemsha tu na kuwapa watoto, au tunayaacha ng'ombe wayafikie. Nitayarudia.

Ngano ina historia ngumu katika ardhi hii, na si haki kuisifia rangi yake bila kuitaja. Nyanda hizi zilikuwa za malisho, za Wanandi na kabla yao za Wamasai ambao jina la Uasin Gishu limetokana nao. Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, na upinzani wa Wanandi ulipovunjwa, ardhi ikagawiwa wageni. Mwaka 1908 kundi la makaburu kutoka Afrika Kusini, likiongozwa na Jansen van Rensburg, lilipanda kutoka Nakuru na magari ya kukokotwa na ng'ombe hadi hapa. Hao ndio walioipanua ngano katika nyanda hizi. Mwaka huo huo wa 1908 Lord Delamere, aliyekuwa akijaribu kulima ngano huko Njoro, alianzisha kampuni ya kusaga aliyoiita Unga, na hadi leo jina hilo liko kwenye mifuko. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, ngano ikapata njia ya kuteremkia baharini. Baada ya uhuru mashamba yaligawanywa na kununuliwa, na leo ngano ile ya walowezi ni ya mkulima wa Moiben mwenye ekari zake, anayekodi kombaini na kuomba mvua isinyeshe kabla haijafika zamu yake.

Ngano haikupewa amani na magonjwa tangu mwanzo. Delamere mwenyewe alishindwa na kutu ya ngano akalazimika kuajiri mtaalamu wa mbegu. Mwaka 1998 huko Uganda ikaonekana kutu mpya ya shina, ikapewa jina Ug99, na ikaangusha ngano ambazo dunia nzima ilidhani ni salama. Shina lililoshikwa na kutu lina rangi yake pia, nyekundu ya matofali, vumbi linalobaki kwenye suruali ya anayepita shambani, na hiyo ndiyo rangi pekee ya msimu huu ambayo mkulima haipendi. Watafiti wa hapa Chepkoilel wakishirikiana na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki walitumia mbegu zilizopigwa mionzi katika maabara ya Seibersdorf, nje kidogo ya Vienna, wakazipanda huku na kuchagua zilizostahimili. Mwaka 2014 wakulima wakaonyeshwa mbegu mpya, mojawapo ikiitwa Eldo Ngano 1. Nafurahia sana kisa hiki. Miaka mitano kabla Kipchoge hajakimbia Vienna, ngano yetu ilikuwa na safari yake na mji ule.

Sasa, tukiwa na ngano nje ya mlango, kwa nini mkate wa nyumba nyingi za mashambani unatoka kwenye karatasi ya plastiki? Najua sababu. Ngano yote huuzwa, kwa kuwa ndiyo pesa. Ovena hakuna. Mkate wa dukani ni rahisi kukata na mtoto anaupenda. Lakini kuna jambo linaloniuma. Kenya huagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya ngano inayokula, na kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mtu wa Moiben anayetazama shamba lake la dhahabu kupitia dirishani anakunywa chai na mkate wa ngano iliyokuja kwa meli. Sisemi tuache kununua mkate. Nasema debe moja libaki nyumbani.

Debe moja la ngano iliyokaushwa vizuri na kupepetwa linaweza kwenda kwenye mashine ile ile inayosaga mahindi. Mwambie mwenye mashine aifagie kwanza na kubadilisha chekeche liwe la unga laini. Utatoka na unga wa rangi ya kahawia, pumba zake ndani, wenye harufu ambayo unga mweupe wa pakiti umeshaipoteza. Unga huo haukai sana bila kuharibika kwa sababu mafuta ya kiini cha punje bado yamo, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Ukikanda, uchanganye nusu kwa nusu na unga mweupe kama unataka mkate usiwe mzito.

Hakikisha tu ngano yenyewe ilivunwa kwa wakati. Mvua ikiinyeshea ngano iliyokwisha kukomaa, punje huanza kuota ikiwa bado kwenye suke. Wanga wake huanza kugeuka sukari, na mkate wa unga huo hunata ndani hata ukiuacha motoni muda mrefu. Mpishi atajilaumu bure, au ataulaumu moto, na kosa lilifanyika shambani wiki nyingi nyuma. Mahindi nayo yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu wenye sumu ya aflatoksini, na tunakumbuka mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika Ukambani. Nafaka inatakiwa kushuka hadi unyevu wa asilimia 13 na nusu. Usipokuwa na kipimo, chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa, uiache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo cha chupa, rudisha nafaka juani.

Sasa tuwashe moto. Ovena tunayo. Bibi zetu waliitumia, na pwani wanaijua kwa jina la kupalia: makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mkate wa kumimina wa Mombasa na Lamu huiva kwa njia hiyo, na mama wa Kipkaren anayeoka keki ya ubatizo kwa sufuria mbili hufanya jambo lile lile. Chukua sufuria kubwa nzito, tandika mchanga safi wa mtoni unene wa vidole viwili, funika, uipashe moto robo saa. Ndani yake utatia sufuria ndogo yenye mkate, utafunika tena, na juu ya mfuniko utapanga makaa. Kanuni ni moja: moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kwa sababu moto hupanda wenyewe na chini kuna mchanga unaotunza joto.

Kuni za msimu huu nazo zinatoka shambani. Mahindi yakishapukuchuliwa, magunzi yanabaki kwa magunia. Magunzi huwaka kwa ukali lakini hayadumu, kwa hiyo yatumie kuwasha na kupasha mchanga, kisha juu ya mfuniko weka makaa ya muwati, mti ambao katika sehemu hizi ulipandwa kwa maelfu ya ekari enzi za EATEC, kampuni ya dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama. Makaa ya muwati yana moto wa subira. Na tafadhali sana, fanyia kazi hii nje au mahali penye hewa ya kutosha. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini, na Novemba jioni baridi yetu huwashawishi watu kufunga madirisha.

Malenge sasa. Chagua lililokomaa, ganda gumu kiasi kwamba ukucha hauingii. Likate vipande, uvipike kwa mvuke, si kwa kuzamisha majini, vikilainika uvipondeponde hadi viwe laini kabisa. Kwa vikombe vinne vya unga, tia vikombe viwili vya malenge yaliyopondwa na kupoa, kijiko kidogo cha hamira, chumvi kidogo, sukari vijiko vitatu au vinne vya chakula, vijiko viwili vya siagi au samli, na iliki iliyotwangwa sasa hivi, isiwe ya pakiti. Usitie maji kwanza. Malenge yana maji yake, na yanatofautiana, kwa hiyo anza kukanda, na ukiona unga bado mkavu ongeza maziwa ya vuguvugu kwa kijiko. Kanda hadi donge liache kushika mikono. Litakuwa na rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Hapa mwinuko wetu unaingia jikoni. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yetu huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, si 100, na hewa ni nyepesi, kwa hiyo hewa inayotengenezwa na hamira hutanuka upesi kuliko pwani. Mapishi yaliyoandikwa London au hata Nairobi yakifuatwa neno kwa neno huku, mkate unaweza kufura haraka kisha ukaanguka katikati. Punguza hamira kidogo, na usingoje donge lijae mara mbili kabisa. Likikaribia, liingize motoni. Lakini pia usiku wetu ni wa baridi, na donge lililoachwa dirishani halitafanya kitu. Liweke karibu na meko, limefunikwa kitambaa, mbali na upepo wa mlango.

Lioke kama dakika 45. Usifunue kabla ya nusu saa kupita, hata watoto wakikusihi. Kisha chomeka sindano ya kufumia katikati; ikitoka kavu, mkate umeiva. Ondoa makaa, uache mkate upumue ndani ya sufuria kidogo, uupindue. Chini utakuwa wa kahawia, juu wa kahawia zaidi, na ukiukata ndani utapata chungwa lile lile lililokuwa limelala shambani chini ya mahindi.

Asiyetaka kazi ya sufuria mbili atie malenge yale yale kwenye chapati. Chapati za malenge zimeenea sana nchini, na zinastahili, kwa kuwa hubaki laini hadi kesho yake. Na wimbi, ambalo nalo huvunwa miezi hii, lisiishie kwenye uji peke yake. Robo ya unga wa wimbi ndani ya keki ya ndizi hufanya keki nyeusi yenye ladha nzito inayokwenda vizuri na chai ya maziwa. Sitii mursik, maziwa yetu ya mgando, hapa, ingawa najua kuna wanaopenda mkate wa moto na mursik iliyotiwa majivu ya mti wa senetwet. Kila nyumba na ulimi wake.

Naona vyama vya akina mama vinaweza kufanya kitu na msimu huu. Tayari mnakutana kwa zamu nyumbani kwa kila mmoja kuchanga pesa. Zamu za Novemba na Desemba, mwenyeji aoke kwa nafaka ya shamba lake, na kila mgeni aje na malenge, au na wimbi, au na mayai. Katika Uasin Gishu jirani yako anaweza kuwa Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu au Mkisii, na kila mmoja ana namna ya kukanda aliyofunzwa kwao. Tumewahi kukosana vibaya katika kaunti hii, mwisho wa mwaka mmoja wa uchaguzi ambao hatuhitaji kuutaja. Kuwa na sababu ya kukaa jikoni kwa jirani kila mwisho wa mwaka si jambo dogo kwetu.

Na watoto wamekuja. Shule zimefungwa, nyumba zina kelele, na wengi wao watakaa na simu hadi Januari ikiwa hatuna kitu kingine cha kuwapa. Mpeleke mmoja shambani kabla kombaini haijafika. Mwonyeshe suke la ngano likiwa bado na kijani kidogo shingoni na lile lililokwisha kuwa dhahabu. Mwambie aitie punje mdomoni aing'ate: ikivunjika kwa mlio, imekauka, ikibonyea, bado. Mwonyeshe jani la mahindi linalokauka kuanzia kwenye ncha na kurudi katikati, umweleze kilichotoka ndani ya jani hilo kimeenda wapi. Atakaporudi shuleni na kufundishwa habari za klorofili, atakuwa ameshaiona ikifanya kazi yake kwa macho yake mwenyewe. Kisha mpe donge alikande.

Kombaini zimeanza kusikika kuelekea Moiben, na kufikia katikati ya Desemba mashamba mengi yatakuwa mabua matupu na ng'ombe ndani yake. Zimebaki wiki chache. Jumamosi hii, kabla hujapima gunia la mwisho kwa mnunuzi, jaza debe moja la ngano uliweke ndani, na uokote malenge mawili kabla ng'ombe hawajayafikia. Nawatakia mavuno makavu.